Nani yuko ndani ya roboti, na nani yuko chini ya miguu yake?

Malalamiko dhidi ya vyumba vya michezo ya video hapa Likasi hayabadiliki. Wazazi wa Kikula na Panda wanasema vinaharibu watoto. Walimu wanasema mwanafunzi anatoka nyumbani na daftari mkononi, lakini saa mbili asubuhi yuko mbele ya televisheni ya mtu, ameshika maneti. Majirani wanalalamikia kelele za jenereta kila umeme wa SNEL unapokatika. Mwisho wa yote huwa ombi moja kwa viongozi wa komine: vifungwe, mashine zikamatwe, watoto warudi nyumbani.

Siungi mkono ombi hilo. Lakini pia sikubaliani na vijana wanaojibu kwa mkato kwamba "ni mchezo tu, mzee, tuacheni." Pande zote mbili zinatazama skrini bila kuona kilichomo. Ningependa tuchukue mchezo mmoja tu, tuutazame kwa makini, kisha tuamue kama tatizo letu ni mlango ulio wazi au ni jambo jingine.

Mchezo wenyewe si wa mpira. Mpira ndio mfalme wa vyumba hivi, kila mtu anajua. Baada ya mpira huja michezo ya kupigana: wapiga ngumi wa Tekken, mashujaa wa Dragon Ball, na yale maroboti makubwa kama ghorofa ambayo watoto wanayaita Gundam. Nazungumzia Gundam Battle Assault, mchezo wa PlayStation ya kwanza uliotolewa na kampuni ya Bandai. Nchini Japani ulitoka mwaka 1998 kwa jina la Gundam: The Battle Master 2, na mwaka 2000 ukafika Marekani kwa jina tunalolijua. Ni mchezo wa zamani, kweli. Lakini mashine za zamani hazifi haraka huku kwetu, na sidii iliyonakiliwa mara kumi bado inacheza.

Ukiucheza, unaelewa mara moja kwa nini unapendwa. Maroboti mawili yanasimama uso kwa uso. Kila moja lina mstari wa uhai juu ya skrini. Moja linaruka kwa moto wa mgongoni, jingine linafyatua risasi, yanakutana katikati kwa panga za mwanga. Anayeshinda raundi mbili ndiye mshindi, anayeshindwa anampa mwenzake maneti. Hakuna haja ya kujua Kiingereza wala Kijapani. Mtoto wa miaka tisa anaweza kumshinda yaya yake wa miaka kumi na saba, na kwa dakika tatu dunia nzima iko sawa.

Kilichoachwa nje

Sasa tuulize maroboti hayo yametoka wapi. Gundam haikuanza kama mchezo. Ilianza kama filamu ya katuni ya televisheni, Mobile Suit Gundam, iliyoonyeshwa Japani kuanzia Aprili 1979 hadi Januari 1980, sehemu 43. Mwanzoni haikuwa na watazamaji wengi, na ikakatishwa kabla ya idadi ya sehemu iliyopangwa. Baadaye ilirudiwa, vikauzwa vibonzo vya plastiki vya kuunganisha kwa mikono, na leo ni moja ya majina makubwa ya biashara ya burudani ya Japani.

Mtunzi wake, Yoshiyuki Tomino, alizaliwa mwaka 1941. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Agosti 1945, alikuwa na miaka mitatu. Nadhani mtu haelewi katuni yake vizuri asipolikumbuka hilo. Kabla yake, katuni za maroboti zilikuwa na mpango rahisi: roboti zuri linapiga roboti baya, mji unashangilia. Tomino alichukua roboti lile lile akaliweka ndani ya vita vya kweli, vita vyenye makao makuu, chakula kinachopungua, wakimbizi na makaburi. Msimulizi anatuambia tangu mwanzo kwamba koloni la mbali kuliko yote limejitangaza taifa na kupigana na serikali ya Dunia ili lijitawale, na kwamba katika muda wa zaidi kidogo ya mwezi mmoja nusu ya binadamu wamekufa. Hatuambiwi kwamba upande mmoja ni wa malaika na mwingine wa mashetani.

Na nani anaendesha Gundam? Kijana wa miaka 15, jina lake Amuro Ray. Si askari. Ni mtoto wa fundi. Siku mji wake unaposhambuliwa, jirani yake, msichana aitwaye Fraw Bow, anampoteza mama yake na babu yake kwa mlipuko mmoja. Amuro anaona maiti zile, anamwambia msichana akimbie, kisha anapanda kwenye mashine ambayo hajawahi kuiendesha, kitabu cha maelekezo mkononi. Kuanzia siku hiyo wakubwa wanamhitaji. Anapochoka na kukataa kutoka vitani, kamanda wake, ambaye naye ni kijana tu, anampiga makofi.

Kuna sehemu moja ambayo ningetamani kila mzazi wa Likasi aitazame. Amuro anapata ruhusa ya kwenda kumtafuta mama yake, ambaye hajamwona kwa miaka. Anamkuta katika kambi ya wakimbizi, akihudumia watu. Askari wa adui wanapita kukagua. Kijana analala kitandani kama mgonjwa, bastola chini ya blanketi. Wanapomkaribia, anampiga risasi mmoja wao. Mama anamtazama mwanawe kwa hofu. Hajui huyu ni nani tena. Kijana naye haelewi kwa nini mama hafurahi kwamba yuko hai. Wanaachana, na yeye anarudi vitani.

Mchezo wa kupigana umechukua nini katika yote hayo? Umechukua roboti, upanga na mstari wa uhai. Hadithi imebanwa katika mistari michache kati ya pambano na pambano, ambayo mtoto wa Kikula anairuka kwa kubonyeza kitufe. Siwalaumu waliotengeneza. Mchezo wa kupigana ndivyo ulivyo: watu wawili, uwanja mmoja, mshindi mmoja. Lakini tujue kilichobaki nje. Yamebaki nje mambo mawili: aliye ndani ya roboti, na walio chini ya miguu yake.

Aliye ndani tunamjua

Kwa mtoto wa Tokyo wa mwaka 1979, kijana wa miaka 15 aliyevishwa silaha ilikuwa hadithi ya kubuni. Kwetu ana jina, tena la Kiswahili: kadogo.

Wenye umri wangu tulikuwa watoto wakati AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipoteremka kutoka mashariki kuanzia Oktoba 1996. Lubumbashi ilichukuliwa Aprili 1997, Kinshasa tarehe 17 Mei. Watu wazima wa wakati ule bado wanasimulia kitu kimoja kuliko vingine: wale askari wadogo wenye buti za mpira, bunduki ikiwagonga magotini. Wengine walikuwa na umri wa kukaa kwenye dawati la shule ya msingi. Umati uliwapigia makofi. Ni wachache waliouliza mama zao walikuwa wapi.

Tangu hapo nchi imetunga sheria. Ile ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwingiza mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, na ilihusu watoto wa Kongo. Hata hivyo makundi yenye silaha hayajaacha kuchukua watoto. Goma ilipoanguka Januari 2025, watoto wetu huku kusini walisikia habari hizo redioni, pamoja na majina ya makundi na miji, kama vile wanavyosikia matokeo ya mechi.

Watu waliofanya kazi ya kuwarudisha kadogo nyumbani wanajua ile sehemu ya mama na blanketi bila kuitazama. Kumvua mtoto sare ni kazi ya siku moja. Kumrudisha kwa mama anayemwogopa, na kwa mtaa unaomwita muuaji, kunachukua miaka, na wakati mwingine hakufanikiwi. Tomino aliandika jambo hilo katika katuni ya watoto. Sisi tuliliishi, na hatuwasimulii watoto wetu.

Walio chini ya miguu ni sisi

Jambo la pili linaihusu Likasi yenyewe. Mji huu una historia ndefu ya kuwa uwanja ambao wakubwa wawili wanapigania.

Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Koloni tajiri linajitangaza taifa, vita vinafuata: mtu wa Likasi hahitaji kufafanuliwa mwanzo wa Gundam. Septemba 1961, mji ukiitwa bado Jadotville, kikosi cha askari wa Ireland wapatao 155 waliokuja na Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapa na majeshi ya Katanga na mamluki wao. Walipigana siku tano, kuanzia tarehe 13 hadi 17, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Mwaka 2016 Netflix ilitoa filamu juu yao, The Siege of Jadotville. Vijana wengi hapa wameiona kwenye simu zao. Ni filamu ya mashujaa wa Ireland, na ni haki yao. Lakini mtu wa Jadotville, yule aliyekuwa na mke, watoto na zamu kiwandani wiki ile, humwoni. Mji ni pazia la nyuma, kama zile picha za majengo zilizo nyuma ya maroboti mawili.

Sehemu nyingine ya historia hiyo inauma zaidi, kwa sababu safari hii hatukuzingirwa na wageni. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa kwenye nyumba zao zililala kwa majuma na miezi katika stesheni ya treni ya Likasi, zikingoja mabehewa. Wengine walizaliwa hapo, wengine walifia hapo. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesoma shule moja na kuchota maji kwenye bomba moja. Wakubwa waliotia moto maneno hawakulala stesheni hata usiku mmoja.

Na kuna Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka hapa. Uranium iliyochimbwa humo na Union Minière ilipelekwa Marekani na kuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomiki. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la uranium liliangushwa Hiroshima. Siku tatu baadaye ikafuata Nagasaki. Mji mzima chini ya kitu kimoja kikubwa kilichotoka juu: Wajapani hawakuhitaji kubuni picha hiyo. Roboti kubwa la kwanza la katuni zao, Tetsujin 28, lililochorwa mwaka 1956, linasimuliwa kuwa silaha ya siri iliyoundwa na jeshi la Japani wakati wa vita, na baada ya vita anayeliongoza ni mvulana mdogo. Nchi ilikuwa imechomwa ndipo ikaanza kuwachorea watoto wake mashine kubwa, ikiwauliza kila mara: nguvu hii ikiwa mkononi mwako, utaifanyia nini?

Sisemi kwamba Gundam imetoka Shinkolobwe. Nasema jiwe letu limo katika hofu iliyozaa hadithi hizo, na mtoto anayechezea roboti lile akiwa mwendo wa saa moja kutoka kwenye shimo lenyewe hajui. Anajua vitufe vya kufyatua risasi za bega. Shinkolobwe analijua kama mahali ambapo watu wanakwenda kuchimba kwa wizi na udongo unawaangukia, kama ulivyowaangukia mwaka 2004, miezi michache baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji huo.

Kwa nini nasema visifungwe

Baada ya yote hayo, mtu anaweza kusema: basi nawe umeonyesha kwamba mchezo huo ni mbaya, mbona hutaki ufungwe?

Kwa sababu sikuonyesha hivyo. Sidai kwamba mtoto anayepigana kwenye skrini atakwenda kupigana porini. Kadogo wa 1996 hawakuwa na PlayStation. Walikuwa na njaa, na wakubwa waliowaahidi chakula, sare na heshima. Anayetafuta chanzo cha vita ndani ya sidii anawapa nafuu wahusika wa kweli.

Pia, tuwe wakweli juu ya kile kinachomngoja mtoto nje ya mlango tunaotaka kuufunga. Mlango ukifungwa, wengi hawataenda maktaba. Baadhi watakwenda kwenye mashimo, kuosha na kubeba mawe ya kobalti na shaba, kwenye njia ya Kambove na kwingineko. Chumba cha michezo kina dari, kina mtu mzima anayejulikana mtaani, na mtoto anatoka humo jioni akiwa na vidole vyake vyote. Mwenye chumba naye ni mtu aliyenunua televisheni na mashine kwa akiba yake ili alishe familia. Kumkamatia mali si malezi.

Tena mchezo wenyewe una mafunzo yake. Kupigana vizuri kwenye Battle Assault kunataka subira, kunataka kumsoma mwenzako, kunataka kupoteza mbele za watu bila kulia na kutoa maneti bila ugomvi. Mtoto asiyejua kupoteza anafukuzwa na wenzake kabla mtu mzima hajasema neno.

Kwa hiyo yafanyike mambo mengine, na hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, saa. Burgumestre wa kila komine akubaliane na wenye vyumba: saa za shule, mwanafunzi haingii, na jioni mwisho ujulikane. Jirani naye ana haki ya kulala, kwa hiyo jenereta izimwe kwa wakati. Anayevunja makubaliano aonywe, akirudia ndipo afungiwe. Kanuni inayojulikana ni bora kuliko msako wa mara moja kwa mwaka, ambao mara nyingi huishia kwenye "kutoa kitu kidogo" na mlango kufunguliwa tena Jumatatu.

Pili, walimu. Mwalimu wa historia au wa uraia ambaye anaona darasa zima linasinzia, ajaribu kuanza na Gundam. Awaambie wanafunzi wake hadithi ya yule kijana na mama yake. Kisha awaulize: hapa kwetu, nani alikuwa Amuro? Mikono itainuka, kwa sababu katika kila mtaa kuna mjomba au binamu ambaye watu wanamtaja kwa sauti ya chini. Kutoka hapo anaweza kwenda Jadotville ya 1961, stesheni ya 1992, na Shinkolobwe. Hilo ni somo zima, na mlango wake wameufungua watoto wenyewe.

Tatu, sisi wazazi na wakubwa. Wengi wetu tunalaani mchezo ambao hatujawahi kuutazama kwa dakika tano. Tuingie siku moja, tulipe, tupigwe na mtoto wa miaka tisa mbele ya marafiki zake, tucheke. Halafu tuulize maswali mawili. Roboti hili linaendeshwa na nani? Na hawa wanapogongana hivi, walio chini wanaponaje? Mtoto anaweza kujibu kwamba ndani hamna mtu na chini hakuna kitu. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Kwa sababu maroboti hayawezi kukwepwa, na hayana lazima ya kuwa ya vita. Tangu mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa wanayajua maroboti yanayoongoza magari kwenye njia panda, yaliyobuniwa na Mkongomani, mhandisi Thérèse Kirongozi, ili watu wasife barabarani. Mtoto anayependa Gundam leo anaweza kuwa fundi wa aina hiyo kesho. Anaweza pia siku moja kufuatwa na mtu mkubwa mwenye sare mpya na ahadi tamu, akimwambia kwamba taifa linamhitaji. Siku hiyo ningependa awe amekwisha kusikia, kutoka kwa mwalimu wake au kwa mama yake, habari za kijana mmoja wa miaka 15 aliyepanda kwenye mashine kubwa, na ajue kumuuliza yule mkubwa: kwa nini huingii wewe?